Kwa mwendo wa watoto

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nilimpigia simu dada mmoja wa usharikani kwetu, mwanakwaya wa siku nyingi, ambaye tangu afiwe na mume hatumwoni ibadani. Hakulalamika. Alisema tu, "Nilichoka, na ninyi mlikuwa mnaendelea." Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo, na yamenipeleka Mwanzo 33.

Mnaikumbuka habari. Esau amekuja na watu mia nne, ndugu wamekumbatiana, wamelia, na sasa Esau anasema twende pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Watoto ni wadogo, anasema, na kondoo na ng'ombe wananyonyesha. Tukiwaharakisha hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Wewe tangulia, mimi nitakwenda polepole kwa mwendo wa watoto.

Baadhi yenu tulikuwa wote tulipopanda kutoka Soni kwenda Vuga, kwenye milima ya Usambara. Ile njia si ya mchezo. Unapita katikati ya mashamba ya mahindi na migomba, udongo mwekundu unateleza, na kila ukidhani umefika kileleni unakuta mbele yako kuna mgongo mwingine wa mlima. Wafalme wa ukoo wa Kilindi, walioitwa Simba Mwene, walikaa huko juu, na ukipanda kwa miguu yako unaelewa kwa nini adui alifikiri mara mbili. Huko ndiko mmisionari Mjerumani Krapf alikofika mwaka 1848 akitokea Mombasa, akapokelewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai, akaomba nafasi ya kuhubiri Injili. Alirudi tena mwaka 1852. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifungua kazi Mlalo, huko huko Usambara, mwaka 1891, na Krapf alikuwa amekwishalala mauti tangu 1881. Mungu hana haraka tuliyo nayo sisi, na kazi yake haikupotea.

Lakini ninalotaka kusema leo ni la kijana aliyetuongoza siku ile. Kabla hatujaanza kupanda alitutazama mmoja mmoja, akamwona mama yetu mwenye magoti mabovu, akamwita: "Mama, wewe utakaa hapa nyuma yangu." Vijana wenye kasi akawapeleka mwisho wa msafara na kuwapa mizigo. Wakanung'unika. Tulipofika kwenye ule mteremko wa mawe akanieleza sababu. Asiyeweza kasi akiwekwa nyuma, wenye nguvu wanatangulia, wanakaa kivulini, wanakunywa maji, wanamsubiri. Akifika anahema, wao wameshapumzika, wanasimama, wanasema haya twendeni. Kwa hiyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa, kutwa nzima.

Ndugu zangu, hilo ndilo tunalofanya kanisani! Tunasema tunamsubiri mfiwa. Tunakwenda matanga, tunaimba, tunatoa rambirambi, na baada ya arobaini tunamwona akija taratibu huku anahema, nasi tumeshasimama. Mazoezi ya kwaya yanaendelea, semina inaendelea, mchango wa jengo unaendelea, na jina lake linasomwa kwenye orodha ya wasiomaliza ahadi. Bahasha yake ya sadaka tulijua haipo tangu wiki ya kwanza. Yeye mwenyewe tulichukua muda gani kujua kwamba hayupo?

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu Neno halilichukulii kuwa jambo dogo. Kumbukumbu la Torati 25 inaeleza Amaleki alichowafanyia Waisraeli njiani walipotoka Misri: hakushambulia mbele, walikokuwa wenye nguvu. Alipiga nyuma, wale waliodhoofika na kuachwa na msafara. Adui wa roho zetu hajabadili mbinu. Anawatafuta hao hao, na sisi tunampa nafasi kila tunapojivunia kasi ya usharika wetu huku hatujui mkia wa msafara uko wapi. Tunaimba Zaburi 121 kwamba asisinzie akulindaye, na ni kweli, Bwana hasinzii. Sisi je?

Na wewe unayesoma hii ukiwa wa mwisho, umechoka kwa ugonjwa, kwa deni, kwa ndoa, kwa msiba ambao watu wameshausahau: hukuachwa na Bwana. Isaya 40 anasema huwachukua wana-kondoo kifuani mwake na huwaongoza polepole wale wanyonyeshao. Hakukasirikii kwa kuhema kwako. Kaa chini, upumzike kweli, unywe maji.

Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, nawasihi: wiki hii chukueni daftari la mahudhurio, tafuteni majina ambayo hayajaonekana tangu Pasaka, na msiende na risiti wala ratiba. Nendeni mkae. Akitaka kulia, alie. Akitaka kunyamaza, nyamazeni naye. Jumuiya ikibidi ianze saa moja baadaye ili yule mama wa mtoto mgonjwa awahi, na ianze baadaye. Wimbo ukibidi urudiwe kwa ajili ya asiyeushika, urudiwe. Vijana wetu wenye nguvu wapewe mizigo, nao watanung'unika kidogo kama wale wa Vuga, kisha watazoea.

"Watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote." 1 Wathesalonike 5:14. Someni mstari huo katika jumuiya zote Alhamisi, na kila mtu aondoke na jina moja la kumtembelea kabla ya Jumapili.