Northfield, Minnesota: mji mmoja, kalenda mbili

Kutoka uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul tulishika barabara kuu ya 35 kwenda kusini, tukachepuka kwenye njia ya kutokea namba 69, kisha tukafuata barabara ya 19 kuelekea mashariki, mahindi na soya kila upande. Ni kama kilomita 60, chini ya saa moja kwa gari. Treni ya abiria haifiki Northfield, na teksi ya umbali huo ni ghali, kwa hiyo mwanafunzi mgeni apange usafiri na chuo chake kabla hajapanda ndege.

Kinachotangulia kuonekana ni chuo cha St. Olaf, juu ya kilima, majengo ya mawe ya chokaa. Walutheri waliohamia kutoka Norway walikianzisha mwaka 1874. Ukiteremka mjini unapokelewa na harufu ya nafaka kutoka kiwandani, halafu unavuka Mto Cannon. Ng'ambo, kaskazini mashariki, kuna chuo cha pili, Carleton, cha mwaka 1866. Kwa miguu, chuo kimoja hadi kingine ni kama nusu saa. Mji una watu wapatao 20,000, na takriban robo yao ni wanafunzi.

Katika mtaa wa Division tulisimama kwenye jumba la makumbusho, ndani ya jengo la benki ambayo genge la Jesse James, mnyang'anyi maarufu wa Marekani, lilijaribu kuipora tarehe 7 Septemba 1876. Joseph Lee Heywood, mfanyakazi wa benki hiyo, alikataa kufungua kasha la fedha, akauawa. Alikuwa pia mweka hazina wa Carleton. Uhusiano wa mji na vyuo vyake ni wa zamani hivyo.

Anayetaka kuomba nafasi hapa asianze na sifa za chuo. Aanze na kalenda. Carleton ina mihula mitatu ya wiki 10, na kwa kawaida mwanafunzi huchukua kozi tatu kila muhula. St. Olaf ina semista mbili, kozi nne kila semista, na katikati yake Januari ya kozi moja tu. Tofauti hii ndiyo inayoamua maisha. Katika muhula wa wiki 10, homa ya wiki moja inakula sehemu ya kumi ya kozi zote tatu. Mitihani ya kati inafika ukiwa bado unajifunza majina ya wenzako. Wanaoumia zaidi ni waliozoea kusubiri mtihani wa mwisho: hapa alama hukusanywa kila wiki kwa insha, mazoezi na kuchangia darasani. Nenda ofisini kwa mwalimu katika saa zake za kupokea wanafunzi tangu wiki ya pili, hata kama huna tatizo kubwa. Hakuna atakayekuona dhaifu. Saa hizo zimewekwa kwa ajili hiyo. Mtu anayehitaji muda kuzoea lugha na mfumo, mimi ningempeleka kilimani, St. Olaf, bila kusita.

Baridi ni somo la pekee. Januari, usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri ni wa kawaida, na hushuka zaidi. Usinunue koti Dar au Nairobi. Koti zito lifikalo mapajani, buti zisizopitisha maji na soksi za sufu zinapatikana huko huko, hata za mitumba. Pamba ikilowa jasho inakupoza, hivyo nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za viwandani. Usijifungie bwenini. Carleton hugandisha maji kwenye uwanja wake wa katikati, Bald Spot, watu wakateleza kwa viatu vya barafu. Na kuna nyumba ya Dacie Moses, bibi aliyeiachia Carleton nyumba yake: mwanafunzi huingia, huoka biskuti kwa unga na sukari ya chuo, huwaachia wengine, huosha vyombo.

Kazi za chuoni, kama maktaba na ukumbi wa chakula, haziruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), ya kazi na kodi, iombe baada ya siku 10 tangu uingie Marekani, ukiwa na pasipoti, fomu ya I-20 (hati ambayo chuo humpa mwanafunzi mgeni kwa ajili ya viza) na barua ya kazi. Ukienda mapema, taarifa zako huenda hazijaingia kwenye mfumo, nawe utarudishwa.

Mwisho wa Novemba muhula wa Carleton unakwisha, na masomo hayarudi hadi Januari. Ni takriban wiki sita. Asiye na nauli ya kwenda nyumbani aulize Septemba nani anaruhusiwa kubaki bwenini na chakula kitatoka wapi. Anayesafiri ahakikishe I-20 ina sahihi ya chuo ya kuruhusu safari, iliyowekwa ndani ya miezi 12 iliyopita, na aiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.