Kambare wangu wanasubiri mvua

Wateja wanaokaa kusubiri nguo zao huniuliza swali moja: "Fundi, hawa samaki wako wanaanza kuzaa wakiwa na miezi mingapi?" Tangi liko pembeni ya meza ya kukatia, kwa hiyo anayekuja kupimwa lazima awaone. Nawajibu kwamba wanakomaa kabla ya kutimiza mwaka, lakini kuota ndevu si kuoa.

Tuelewane kwanza ni kambare gani. Wangu ni wadogo wa mapambo, Corydoras aeneus, asili yao Amerika Kusini na kisiwa cha Trinidad. Mimi nawaita kori tu. Wana rangi ya shaba na ubavu wao umefunikwa mabamba magumu ya safu mbili, tofauti na kambare wetu wa mtoni mwenye ngozi tupu inayoteleza. Dume ana sentimita 5 au 6 hivi, jike anamzidi kidogo. Si samaki wa kupaka nazi.

Kumjua jike, usimtazame kwa ubavuni. Simama juu ya tangi umwangalie mgongoni: jike ni mpana, dume ni mwembamba. Hapo kazi yangu inanisaidia, maana mtu hajafungua mdomo nimeshamkadiria kiuno. Wakila vizuri, tofauti hiyo inaonekana wakikaribia miezi 8, na kati ya hapo na mwaka mmoja wanakuwa tayari. Waliobanwa kwenye tangi dogo huchelewa. Huchelewa pia wale walionunuliwa "wafagie" tangi, kwa imani kwamba kambare anaishi kwa kula uchafu. Hali uchafu! Mpe chakula kinachozama hadi chini, na mara mojamoja viluwiluwi vya mbu. Mimi navitega kwenye ndoo nyuma ya duka, navichota kila siku kabla havijaota mabawa. Jirani yangu hajawahi kuipenda ndoo hiyo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Samaki wana mwaka na zaidi, majike wamejaa, na hakuna hata yai moja. Huko kwao kori hutaga mvua zinapoanza, maji yanapopoa na kuongezeka. Hapa Tanga wakati wa kaskazi maji ya tangi yanaweza kufika nyuzi 30, nao wanapenda 22 hadi 26. Kwa hiyo sihangaiki nao Januari wala Februari. Nawalisha tu, nangoja masika.

Mvua ikishika, naacha ya kwanza ioshe bati, kisha nakinga. Natoa karibu theluthi ya maji ya tangi, najaza maji ya mvua niliyoyachanganya na ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini iondoke. Usimwage ya mvua matupu: hayana madini, na hali ya maji ikibadilika ghafla samaki wanaumia. Kinachotakiwa ni ubaridi wa nyuzi tatu nne hivi chini ya waliouzoea. Asiye na mvua anaweza kuyapoza maji kwa chupa ya barafu, inafanya kazi. Madume wawe wengi kuliko majike, angalau wawili kwa mmoja.

Wakianza hutaamini. Madume wanamfukuza jike tangi zima, halafu jike anabandika mdomo wake tumboni kwa dume, wakakaa kama herufi T. Pale anakunywa mbegu! Inapita kwenye utumbo wake na kutokea nyuma, kwenye mayai machache aliyoyashika kwa mapezi ya tumbo. Watafiti wa Japani walieleza jambo hilo mwaka 1995. Nimewahi kumsimulia mteja mmoja, akaniambia nimezidi kukaa na samaki. Kisha jike anakwenda kuyabandika mayai kwenye kioo au kwenye majani, na kurudi tena kwa dume, saa nzima na zaidi.

Wakimaliza, wazazi wenyewe ndio wa kwanza kuyala. Nayasukuma mayai taratibu kwa kidole, yananata lakini ni magumu kiasi, nayahamishia kwenye chombo chenye maji ya tangi lilelile na pampu ya hewa. Humo natia jani kavu la mkungu. Maji yanakuwa rangi ya chai na ukungu unapungua. Wenzetu wa nchi za baridi wanayanunua majani haya kwa pakiti. Mimi nayaokota njiani. Yai likigeuka jeupe kabisa, litoe. Mengine yanaanguliwa siku ya tatu hadi ya tano, na vifaranga wanaishi kwa kiini chao siku mbili tatu kabla ya kuhitaji chakula chepesi. Kiini cha yai la kuku nakikwepa, kinaozesha maji upesi mno.

Na wale mnaoniuliza kuhusu kambare wa kula, Clarias gariepinus, mliyemchukua kifaranga bwawani mkamtia kwenye kioo: naye anaweza kukomaa ndani ya mwaka, lakini kutaga anasubiri mafuriko, usiku, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Ndiyo maana wazalishaji humchoma jike sindano ya homoni, wakamkamua mayai, na dume huchinjwa ili mbegu ipatikane. Sebuleni hilo halifanyiki. Isitoshe anaweza kupita mita moja. Mteja wangu mmoja wa suti anaye wa namna hiyo, sasa hawezi hata kugeuka ndani ya tangi. Nilimwambia amle. Amekataa, kwa kuwa watoto wameshampa jina, na anaulizia mwenye bwawa.