Kabati la mulombwa na kazi inayotangulia rangi

Kiangazi kinapoingia hapa Lubumbashi, mvua zikiwa zimekatika na upepo mkavu ukianza kupita uani, watu wengi hukumbuka kuta na mageti. Mimi hukumbuka samani. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa yetu huwa kavu kiasi kwamba mbao iliyofutwa kwa kitambaa chenye maji asubuhi huwa tayari kwa msasa jioni, na rangi haikutani na manyunyu ya kuiharibu kabla haijashika. Mwaka huu kazi iliyonijia ni kabati la vyombo la Mama Mkubwa, lililotengenezwa kwa mbao za mulombwa kabla sijazaliwa, ambalo alikuwa karibu kuliuza kwa bei ya kutupa ili anunue jipya la dukani. Nilimwomba aniachie nilitengeneze kwanza. Naandika niliyoyazingatia kwa kuwa naamini nyumba nyingi za Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu huu, zina kabati kama hilo, nalo likishatoka kwenda sokoni halirudi.

Mulombwa ndio mti ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mninga, na wataalamu wa mimea wameupa jina la Pterocarpus angolensis. Ukichanja gome lake hutoka utomvu mwekundu mzito, na wekundu huo unakaa ndani ya mbao miaka yote. Mafundi mbao wanaupenda kwa sababu mbao yake haipindi ovyo majira yanapobadilika, na kiini chake hakiliwi kwa urahisi na mchwa, sifa isiyo ndogo katika Katanga, nchi ya vichuguu vinavyopita nyumba kwa urefu. Tatizo ni kwamba mti huu hukua polepole katika misitu ya miombo, misitu hiyo hiyo inayokatwa kuzunguka mji wetu kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia. Yale makabati mapya yanayong'aa madukani mara nyingi ni ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Yakinywa maji ya kudekia sakafu huvimba miguuni, na mbao ya namna hiyo ikishavimba hakuna fundi wa kuirudisha. Ndiyo maana sikubali kwamba kabati limezeeka kwa sababu tu varnishi yake imepauka.

Nililitoa uani, nikafungua milango, nikavuta droo zote na kulipindua ili nione tumbo lake. Ukilitazama kabati la mulombwa kwa karibu utaona kwamba mbao zake si za rangi moja. Sehemu kubwa ni kahawia iliyoelemea wekundu, na hiyo ndiyo kiini. Lakini pembeni mwa baadhi ya mbao kuna utepe mpana wa rangi ya majani makavu, ambao ni sehemu ya nje ya mti, iliyokuwa karibu na gome. Kwenye utepe huo nilikuta vitundu vidogo vya mviringo, vimepangana kwa wingi, na kila vilipofika kwenye mpaka wa kiini vilikoma kabisa, kana kwamba wadudu wamekutana na ukuta. Nilitandika karatasi nyeupe chini ya mbao hizo, nikaziacha usiku kucha. Iwapo asubuhi unakuta unga mlaini umedondoka, ujue wadudu bado wako kazini na rangi haitawazuia. Itabidi kupenyeza dawa ya wadudu wa mbao kwa sindano, tundu kwa tundu, na kusubiri ikauke vizuri kabla ya kuziba. Karatasi yangu ilibaki safi. Nikaziba vitundu kwa mastiki ya mbao na kuendelea.

Baada ya hapo ndipo kuna kazi ambayo watu wengi huiruka. Samani za nyumbani kwetu zimepakwa nta ya kung'arishia kila Krismasi na kila sherehe ya familia, tabaka juu ya tabaka, na nta ni adui wa rangi. Ukianza kwa msasa, joto la kusugua huiyeyusha na kuisukuma ndani ya vinyweleo vya mbao, na baadaye rangi hujikunja na kuacha vidoa vilivyo wazi, visivyofunikwa hata ukirudia kupaka. Njia ya kuitambua ni rahisi: dondosha tone la maji juu ya mbao, likisimama mviringo bila kutandazika, nta bado ipo. Huondolewa kwa kitambaa kilicholoweshwa tapentaini, ukifuta kwa kufuata nyuzi za mbao na kubadilisha kitambaa mara tu kinapokuwa cheusi. Mama Mkubwa aliketi kwenye kigoda akinitazama, hatimaye akauliza, «Mwanangu, nilidhani unalipaka rangi, mbona hata kopo hujalifungua?» Nikamjibu, «Mama Mkubwa, nikilifungua leo, mwakani utaniita tena kulibandua.» Alinyamaza, kisha akaniletea fulana zake kuukuu za pamba, ambazo kwa kazi hii hazina mfano.

Kwa msasa nilianza na namba 120, maana varnishi ilikuwa imeshika bado katika sehemu nyingi, nikamalizia na namba 220 ili kuondoa mikwaruzo. Namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. 80 naiacha kwa mbao iliyoharibika sana. Hakuna haja ya kufika kwenye mbao tupu kila mahali. Lengo ni kuondoa mng'ao na kuacha uso wenye ukavu unaoshikika chini ya kidole, ili rangi ipate pa kujishikiza. Niliyafanya yote kwa mkono. Umeme hukatika wakati usioutarajia, na zaidi ya hayo mashine katika mikono isiyozoea huchimba mashimo kwenye kingo, wakati mkono huhisi pale inapofaa kuacha.

Hapa kuna jambo ambalo naliomba kila mzazi alisome mara mbili. Kabati la Mama Mkubwa lilikuwa na varnishi peke yake, lakini samani zilizotoka katika nyumba za zamani za mji huu, mji ulioanzishwa mwaka 1910, huenda zimepakwa rangi za zamani zenye madini ya risasi. Hatari hiyo ilijulikana mapema: tangu mwaka 1921 kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo, na hata hivyo rangi hizo ziliendelea kutumika katika nchi nyingi kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Ukikuta rangi nzee, nene, inayopasuka vipande vipande, usiisugue ikiwa kavu. Iloweshe, tumia msasa wa maji, vaa barakoa nzuri, waondoe watoto uani, na uchafu wote ukusanywe kwa kitambaa chenye maji, usifagiliwe. Kama huna hakika, samani hiyo ya nini kwenye chumba cha watoto?

Narudi kwenye wekundu wa mulombwa, kwa maana ndio unaowashinda wapakaji wengi, hasa wanaotaka rangi nyeupe au ya maziwa. Mama Mkubwa alitaka nyeupe. Kabla ya kumkubalia nilichukua ubao wa nyuma wa droo, mahali pasipoonekana, nikaugawa kwa penseli sehemu mbili. Sehemu ya kwanza niliipaka rangi nyeupe ya maji moja kwa moja. Ya pili niliipaka kwanza rangi ya chini ya mafuta, na ilipokauka nikaipaka ile ile nyeupe juu yake. Asubuhi iliyofuata sehemu ya kwanza ilikuwa imegeuka waridi iliyochafuka, na kuzunguka kifundo cha mbao palikuwa na doa la kahawia lenye kingo kali, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Sehemu ya pili ilibaki nyeupe. Sababu yake ni kwamba maji yaliyomo kwenye rangi huyeyusha rangi asilia ya mbao na kuipandisha juu wakati yanapokauka, na ukiongeza tabaka jingine la maji unaipandisha tena. Rangi ya chini ya mafuta haina maji hayo, na ikikauka hufunga njia. Kwa nini basi nisipake ya mafuta hadi mwisho? Kwa sababu nyeupe ya mafuta hugeuka manjano inapokaa gizani, na ndani ya kabati ni giza siku zote. Hivyo niliamua: mafuta chini, maji juu, na katikati msasa laini mwepesi.

Wakati wa kununua, soma kopo. Rangi nyingi za hapa huingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na maandishi yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe ni ipi ya mafuta na ni ipi ya maji, na ipi ni ya mbao. Rangi ya ukuta ni ya bei rahisi, lakini kwenye mlango wa kabati unaoguswa kila siku itachakaa mapema.

Kiangazi chetu nacho kina masharti yake. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na rangi ya maji katika baridi hiyo haiungani vizuri. Hukauka ikiwa dhaifu na baadaye hubanduka kama unga. Nilikuwa nikianza kupaka jua likishapasha mbao, na kuacha mapema alasiri ili rangi ipate saa za joto mbele yake. Septemba nayo ina joto zuri, lakini ndio mwezi wa vumbi jekundu. Yeyote anayepaka wakati huo afanyie kazi ndani, amwagie maji uani kabla ya kuanza, na avae nguo isiyotoa nyuzi.

Vumbi hilo ndilo lililonifanya nibishane kidogo na Mama Mkubwa kuhusu rangi. Nyeupe kuanzia juu hadi sakafuni, katika nyumba ambayo mlango wake uko wazi mchana kutwa, itakuwa na ukanda wa udongo miguuni kabla ya mvua za Novemba. Nilipendekeza sehemu ya juu iwe nyeupe ya maziwa, na kitako pamoja na miguu iwe kahawia nyekundu, karibu na rangi ya udongo wetu wenyewe. Alikubali alipoona nimeipaka kwenye kipande cha mbao na kukisimamisha sakafuni. Naipenda suluhisho hiyo hata kwa macho: kabati linaonekana limekaa imara, na vyombo vyake vya bluu ndani ya vioo vinatokeza.

Tabaka zilikuwa nyembamba. Brashi hukutana na rangi theluthi moja tu ya nywele zake, na viharusi vya mwisho hufuata nyuzi za mbao, vikitoka penye ubichi kwenda penye ubichi bila kurudi mahali palipoanza kukauka. Vishikio vilikuwa vya shaba vilivyofunikwa na weusi. Nilivisugua kwa ndimu na chumvi, nikavisuuza na kuvikausha, vikang'aa. Kutupa shaba hapa Katanga, nchi ya machimbo ya shaba, nisingethubutu.

Rangi ya maji hushikika baada ya saa chache, jambo linalowadanganya watu kurudisha sahani siku hiyo hiyo. Ugumu wake kamili huja baada ya wiki tatu hadi nne. Muda wote huo milango iliachwa wazi kidogo isigandane na fremu, na vyombo vizito vilikaa mezani.

Meza yenyewe Mama Mkubwa aliitaka nayo ipakwe nyeupe, nami nilikataa kwa heshima zote. Ni ubao mmoja mpana wa mulombwa, kiini kitupu, bila tundu wala ufa, na mbao ya upana huo sijaiona kwa mafundi wa kando ya barabara kwa muda mrefu. Kabati lilikuwa na mastiki, utepe wa vitundu na mbao za nyuma zisizolingana, kwa hiyo rangi ililifaa. Meza ingefichwa bure. Tuliisugua kwa namba 220 na kuipaka mafuta ya kitani, tukifuta yaliyozidi, na wekundu wake ukarudi mbele ya macho yetu. Vitambaa vilivyotumika na mafuta hayo havikunjwi wala kurundikwa kwenye ndoo, kwa maana mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Vyetu tulivianika uani kimoja kimoja, mbali na jiko la makala, hadi vilipokakamaa.