Mungu Atandikaye Kitanda

Somo la wiki: Zaburi 41:1-10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zaburi hii inaanza na heri: "Heri amkumbukaye mnyonge." Ukiendelea nayo taratibu utajikuta chumbani kwa mgonjwa. Wapo waliokuja kumtazama. Wanakaa kidogo, wanasema maneno yasiyotoka moyoni, kisha wakishatoka nje wanayatangaza waliyoyaona. Hata rafiki aliyekula naye chakula amemgeuka. Kati ya wote wanaotajwa, mmoja tu ndiye anayefanya kazi, na kazi yenyewe iko mstari wa 3: "Katika ugonjwa wake umemtandikia."

Tunaupita mstari huu haraka kwa sababu hatuoni kutandika kuwa kazi ya kimungu. Kuponya, sawa. Kufufua, sawa. Lakini mashuka? Tuusome wiki hii pamoja na mwanafunzi wa uuguzi wa zamani, ambaye alikabidhiwa kazi hiyohiyo kabla hajaruhusiwa kushika sindano.

Mwaka 1860 shule ya uuguzi ya Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka msingi wa uuguzi wa kisasa, ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, ikiwa na wanafunzi 15. Walipewa chumba, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka. Msimamizi wao, Bi. Sarah Wardroper, alijaza fomu ya kila mwanafunzi kila mwezi. Upande mmoja ulihusu tabia: kuwahi kazini, utulivu, uaminifu, usafi wa mwili na mavazi. Upande wa pili ulihusu ujuzi, na humo, pamoja na kufunga vidonda na kubandika ruba, kulikuwa na kipengele cha kutandika vitanda na kubadili mashuka mgonjwa akiwa bado amelala. Mtu angeweza kupewa sifuri kwa kitanda. Nightingale mwenyewe aliandika kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, kwa kawaida kosa si la ugonjwa bali la uuguzi.

Mafundisho hayo yalivuka bahari pamoja na manesi wa misheni, na kwa miongo mingi shule za hospitali za misheni Afrika Mashariki zilianzia hapohapo. Kengele ililia alfajiri, watu wakaenda kanisani, kisha wodini. Mwanafunzi mpya alijifunzia darasani kwanza, kwenye kitanda cha chuma kilicholazwa mdoli mkubwa kama mtu mzima.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wanafunzi wawili, mmoja kila upande. Viti viwili miguuni pa kitanda ili nguo za kitanda zikunjiwe juu yake, zisiguse sakafu. Shuka la chini linalazwa mkunjo wake wa katikati ukiwa katikati ya godoro. Linachomekwa kichwani kwanza, kisha miguuni, pembeni mwisho. Kwenye pembe unashika ukingo wa shuka kama sentimita 30 hadi 45 kutoka mwisho wa godoro, unauinua ulale juu kama pembetatu, unachomeka kinachoning'inia, halafu unaishusha pembetatu na kuichomeka nayo. Juu ya shuka hilo, usawa wa makalio, kulikuwa na kipande cha mpira cha kukinga godoro, na juu ya mpira shuka fupi la kukatiza. Hilo fupi liliachwa refu upande mmoja makusudi: mgonjwa akishalalia sehemu moja ikapata joto na jasho, wanafunzi walilivuta upande wa pili, naye akapata mahali pa baridi bila kuamshwa.

Kazi ngumu ni mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kabla ya kufunuliwa anafunikwa blanketi, maana heshima yake haiondoki na shuka. Mmoja anamshika begani na nyongani na kumgeuzia kwake. Mwenzake anaviringisha shuka chafu kwa urefu hadi mgongoni pa mgonjwa, anatandika nusu ya safi, na nusu nyingine anaiacha imeviringishwa pale pale. Mgonjwa anageuzwa kupita juu ya kile kivimbe cha nguo, chafu inavutwa, safi inanyooshwa. Mashuka hayakung'utwi, kwa sababu vumbi la shuka la mgonjwa lina vijidudu. Mgonjwa haburuzwi, anainuliwa. Ukimburuza, ngozi inang'ang'ania shuka huku nyama na mfupa vikisonga, na mishipa midogo ya damu inakatika ndani usione kitu juu. Na wanafunzi wawili hawapigi soga zao juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Hili lilikuwa gumu kuliko pembe za shuka.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu mkunjo mmoja ni hatari. Mtu aliyelala bila kusogea anabanwa na uzito wake mwenyewe pale mfupa ulipo karibu na ngozi: kisogo, mabega, viwiko, mwisho wa uti wa mgongo, nyonga, vifundo, visigino. Damu haipiti, nyama inaanza kufa. Ongeza chembe za mkate, mkojo, na mpira uliogusa ngozi baada ya shuka fupi kujikunja, na kidonda kinafunguka kwa muda mfupi, kisha huchukua miezi kupona.

Lakini shule hizo hazikuwa mbinguni. Kulikuwa na vitanda vilivyotandikwa kwa ajili ya macho ya matroni, mkuu wa manesi. Foronya zote zilielekezwa midomo isitazame mlango, jambo lisilompunguzia mgonjwa maumivu hata kidogo, na shuka la juu lilikazwa miguuni likawa kama ngoma. Wodi ilipendeza, ila vidole vya mgonjwa vilisukumwa chini siku nzima, na mwishowe wayo ukalegea asiweze kuusimamisha. Ndiyo maana waliojua kazi waliacha mkunjo wa nafasi juu ya vidole, au waliweka kichanja cha kuinua nguo. Yesu aliwaonya waliosafisha kikombe kwa nje. Hata huduma yetu kanisani ina foronya zake.

Kuna kosa la pili, nalo lilifanywa kwa upendo. Vizazi vya wanafunzi vilifundishwa kupita na toroli ya kutunza migongo: sabuni na maji, kusugua kwa nguvu palipokuwa pekundu, kisha spiriti, kisha poda. Ilionekana kama bidii safi. Baadaye ikajulikana kwamba kusugua juu ya mfupa kunaumiza nyama ambayo tayari imebanwa, na spiriti inakausha ngozi ikapasuka. Mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake nchini Uingereza walitoa utafiti wao wa wagonjwa wazee, na kilichobaki kuwa na nguvu ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Paulo aliwaombea Wafilipi pendo lao "lizidi kuwa jingi sana, katika hekima na ufahamu wote" (Wafilipi 1:9). Nesi aliyeiweka chini chupa ya spiriti aliyoitumia miaka 20 kwa sababu ameonyeshwa lililo bora ameuelewa mstari huo kuliko wahubiri wengi.

Sasa tuje kwetu. Wengi katika ushirika huu wana mama, baba au mwenzi aliyelala nyumbani. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili mchana, na usiku mpangiane zamu, msimwachie binti mmoja. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee hewani. Nyoosheni shuka kila mnapomgeuza, mkague migongo kwa taa nzuri. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa ngozi nyeupe vikisema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Tafuteni mahali palipobadilika rangi kuliko pembeni yake, penye joto, pagumu au panapouma. Mkipaona, msisugue wala msipake kitu. Asilalie tena upande huo, na mwiteni muuguzi au mumpeleke zahanati.

Na jumuiya zitakazotembelea wagonjwa wiki hii: wimbo mmoja unatosha, picha si lazima. Hospitalini muulizeni kwanza nesi wa zamu kabla ya kumgusa mgonjwa. Majumbani nendeni mkiwa na watu wawili wenye nguvu za kuinua, na mmoja abebe shuka safi.