Maiki ya harusi iliyobonyea ndiyo ninayorekodia nyumbani

Karibu mwaka mzima kila niliyemwomba ushauri wa maiki ya kurekodia nyumbani alinijibu neno moja: kondensa, ile aina ya maiki inayodaka hata sauti ndogo ndogo. Prodyuza wa mtaani, kondensa. Binamu yangu anayetengeneza biti, kondensa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naishi wapi, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu swali hilo ndilo lingeniokolea hela. Mimi naishi Tandika, chumba na sebule, bati juu na dari hakuna. Ukuta mmoja nimepakana na saluni. Dirisha linatazama njia ya bodaboda, na uani kuna mama anayefuga kuku wa kienyeji.

Nikanunua kondensa. Ilinitoka elfu themanini na kitu, pamoja na stendi, na saundi kadi ya mkono wa pili, kile kifaa cha kuunganisha maiki na laptopu, yenye kitufe cha kupeleka volti 48 kwenye maiki, maana kondensa bila huo umeme haisemi kitu. Jioni ileile nikaimba ubeti mmoja, nikavaa hedifoni, nikasikiliza. Sauti yangu ilikuwepo, tena inang'aa. Lakini haikuwepo peke yake. Feni ilikuwepo. Draya ya saluni ilikuwepo. Jogoo alikuwepo, na mwanamke wa chumba cha pili akimwambia mwanawe anawe mikono kabla ya kula, neno kwa neno, kana kwamba yuko kwenye kwaya.

Nilipambana nayo miezi mitatu. Nilizima feni na kufunga dirisha Februari, mwezi ambao Dar mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Nilitundika blanketi mbili na godoro la wageni. Nilijaribu kuingia nayo kabatini, katikati ya nguo, nikatoka kichwa kinaniuma. Mwisho nikahamia usiku, saa nane, mtaa ukiwa umelala. Kuku walinyamaza, draya ilinyamaza, ila na mimi nililazimika kunyamaza nusu, kwa sababu watu wamelala na bati halifichi kitu. Mimi nimekulia kwaya ya kanisani, nyimbo zangu zinataka kifua. Ukiimba kwa kunong'ona wimbo uliotungwa kwa kifua, unapata wimbo mwingine kabisa. Nilisikiliza zile rekodi za usiku nikaona aibu kumpa mtu.

Aliyenifungua macho ni fundi mitambo wa kanisani kwetu. Nilimweleza shida yangu baada ya mazoezi, naye akanipa maiki ya mimbarini, akasema, "Dada, imba ukiwa umeigusa karibu na midomo, halafu rudi hatua mbili uimbe tena." Nikafanya. Karibu, sauti ilijaa ukumbi. Hatua mbili nyuma, ikabaki kidogo sana. Akaniambia aina hiyo ya maiki ndiyo dainamiki. Ndani kuna kiwambo, yaani utando mwembamba, kilichobeba koili ya waya, na koili hiyo inacheza kwenye sumaku. Sauti yako ndiyo inayousukuma huo mzigo na kuzalisha umeme, kwa hiyo haitaki volti 48 wala betri.

Hapa nataka kusahihisha jambo, kwa sababu nimeshalisikia likisemwa vibaya mara nyingi. Watu wanasema dainamiki haisikii kelele za nje. Inasikia. Ukiiweka mbali na mdomo kisha ukapandisha geini, yaani ukuzaji wa sauti, jogoo atarudi. Kinachokusaidia ni kwamba inakuruhusu kuimba kwa nguvu ukiwa umeisogelea kabisa. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako inaongezeka karibu desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na jogoo anabaki palepale alipo. Nilikuwa naimba sentimita thelathini hivi kutoka kwenye kondensa. Sasa naimba sentimita nne. Hesabu mwenyewe: thelathini na mbili, kumi na sita, nane, nne. Ni desibeli 18 nimezipata bure, bila godoro. Ile kondensa yangu nikiisogelea hivyo na kuimba kwa kifua, ilikuwa inapasuka na kuvuma upepo.

Basi nikaanza kutafuta dainamiki. Kuna waliokuja na jibu jipya: SM7B ya kampuni ya Shure, ile wanayoonekana nayo watangazaji wa podikasti. Ni maiki nzuri, silipingi hilo, lakini bei yake ilikuwa inapita milioni, na yenyewe inatoa sauti ndogo kiasi kwamba inataka saundi kadi yenye geini ya desibeli 60 hivi. Kwa saundi kadi yangu ile ya mkono wa pili ningenunua maiki halafu nitafute na kifaa kingine cha kuiamsha. Niliyoitaka ni SM58, ambayo Shure wanaitengeneza tangu 1966, maiki ya jukwaani ambayo kila mtu mjini ameiona hata kama hajui jina lake. Mpya na halisi ilikuwa inacheza kwenye laki tatu. Sikuwa nazo.

Nikaenda Kariakoo, na huko ndiko nilikopigwa. Kijana alinitolea boksi limefungwa vizuri, SM58, elfu arobaini na tano. "Orijino hii dada, imeshuka na mzigo." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nyumbani ikatoa sauti kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Nikadhani waya, nikabadilisha waya. Nikadhani saundi kadi. Wiki nzima nilijilaumu mimi.

Halafu nikakaa na karatasi ya vipimo ya Shure wenyewe, nikasoma mstari baada ya mstari. Pale pakaandikwa uzito: gramu 298. Nikainyanyua ile yangu mkononi, nikaona mbona nyepesi. Nikaibeba mpaka dukani kwa Mangi, ninakonunua sukari na mchele, nikamwomba anipimie. Akaiweka kwenye mizani bila hata kuuliza. Gramu 211. Sikuwa na haja ya fundi. Kingine nilichokuja kukigundua ni kwamba ilikuwa na swichi ya kuwasha na kuzima ubavuni, wakati SM58 ya kawaida haina swichi. Yenye swichi ina jina lake, SM58S. Kwa hiyo maiki yangu ilikuwa imejitangaza feki tangu mwanzo, mimi ndiye sikujua kuisoma. Kuna feki zilizopachikwa kipande cha chuma ili zivute uzito, kwa hiyo mizani peke yake isikutoshe, lakini iliyo pungufu gramu themanini usiendelee kuijadili.

Iliyo halisi niliipata kwa mzee mmoja wa Temeke anayekodisha muziki wa harusi. Nilikwenda kumwuliza habari za spika, nikaiona juu ya kabati, wavu wa kichwa umebonyea upande mmoja kama kikombe cha bati kilichokanyagwa.

"Shikamoo mzee. Na ile pale je?"

"Marahaba. Ile ilidondoka jukwaani, mwanangu. Maharusi wa siku hizi hawataki kushika kitu kilichobonyea, kinaonekana kwenye picha. Ipo tu."

"Inafanya kazi?"

"Kuliko hizo mpya nilizonunua."

Nilimwomba anikopeshe nusu saa, nikamwachia simu yangu kama dhamana, nikaenda nayo sokoni kwa muuza viungo. Akapangusa unga wa bizari kwenye sinia la mizani kwa kiganja, akailaza. Namba zikacheza kidogo, zikatulia: 299. Hiyo gramu moja nadhani ni bizari. Haina swichi, ni nzito kichwani, imetulia mkononi. Nilirudi nikampa mzee laki moja na ishirini, akanirudishia elfu kumi ya nauli bila mimi kuomba.

Kubonyea hakukuwa na madhara yoyote. Ule wavu wa chuma upo kwa ajili ya kupokea kipigo ili kilicho ndani kisiguswe. Niliufungua kwa kuuzungusha kushoto, nikausukuma kwa ndani taratibu na mpini wa mwiko, ukarudi karibu wote. Kilichonishtua ni sifongo iliyomo ndani ya wavu. Ilikuwa imegeuka kahawia na inanuka miaka ya ma-MC. Nikauosha wavu pamoja na sifongo yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nikasugua na mswaki wa zamani, maji yakatoka rangi ya chai. Mwili wa maiki wenyewe sikuugusa na maji. Nikaanika wavu kivulini mpaka kesho yake jioni, kwa sababu unyevu ukibaki unaingia kwenye kiwambo. Baada ya kukauka, sauti za juu zilifunguka waziwazi. Uchafu ulikuwa umeziziba.

Siku ya kwanza ya kurekodi ikaja na tatizo jingine. Sauti ilikuwa ndogo, nikapandisha geini hadi robo tatu, ikaja na mvumo, nguuu, chini ya kila neno. Nilishika waya, nikahamisha meza, sikupata kitu. Halafu umeme ukakatika, laptopu ikabaki kwenye betri, na mvumo ukapotea palepale. Nilikaa gizani nikiusikiliza ukimya kwenye hedifoni, nimefurahi kweli. Ulikuwa unatoka kwenye chaja. Tangu hapo najaza betri kwanza, nachomoa chaja, ndipo naimba. Kilele cha sauti nakiacha karibu na desibeli -12, sitafuti zaidi.

Maiki hii inasikia mbele, na mgongo wake ndio kiziwi, yaani upande unaoingilia waya. Kwa hiyo sijali tena dirisha liko wapi kwangu. Ninalojali ni mkia wa maiki uelekee dirishani, mimi nitazame huko, na nyuma yangu naning'iniza blanketi moja, kwa sababu sasa maiki inanitazama mimi na ukuta ulio nyuma yangu. Draya ya saluni bado naisikia kwa mbali nikinyamaza. Nikiimba haipo. Na usikumbatie kichwa cha maiki kama wanavyofanya wachanaji jukwaani. Chini ya wavu kuna matundu yanayoifanya ijue mbele na nyuma, ukiyaziba kwa mkono inaanza kusikia pande zote.

Herufi P ndiyo iliyobaki kunisumbua, na Kiswahili cha nyimbo kimejaa P: pendo, upendo, mpenzi, pokea. Nikiimba moja kwa moja inapiga kama mtu anagonga mlango. Nimejifunza kuiweka maiki pembeni kidogo, usawa wa kona ya mdomo, upepo upite kando na sauti iingie. Uzito wa besi unaokuja kwa kuwa karibu sana naukata kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kila kilicho chini ya hezi 100, na sauti yangu haipungukiwi chochote.

Kama hata laki na nusu hazipo, XM8500 ya Behringer ni dainamiki ya bei ya chini kabisa niliyoiimbia nikairidhia. Niliazima ya rafiki wiki mbili. Sauti zake za juu ni kavu zaidi, lakini ni halisi kwa jina lake, na kwangu hiyo ni bora mara kumi kuliko SM58 ya uongo. Waya wa XLR, yaani ule wa maiki, nunua mpya na usibembeleze bei. Wangu wa kwanza, wa elfu tano, ulikatika shingoni katikati ya kiitikio.

Wimbo wa kwanza nilioumaliza na maiki ya mzee niliurekodi saa kumi jioni, siku ya Jumamosi, saluni imejaa, feni inazunguka. Nilimpelekea kwenye simu. Akausikiliza amesimama, mara mbili, kisha akaniuliza ni studio gani.