Kumbe

Neno lenyewe ni moja na lina silabi mbili tu, lakini tangu Jumamosi limekaa nami kama mwiba wa samaki kooni, ambao haukuzuii kula ila kila ukimeza unakukumbusha kwamba upo. Wifi Mkubwa, ambaye mnamfahamu tangu ile habari ya mapazia, aliniambia "Kumbe."

Shemeji ameoa hatimaye, alhamdulillahi, na bibi harusi ni mpole. Tulikuwa tumeketi mkekani tukisubiri sinia la pilau, na ule mkoba niliowasumbua nao hapa kwa miezi miwili ulikuwa mapajani mwangu. Wifi akauchukua bila kuomba, akapitisha kidole gumba juu ya msuko, akaugeuza nyuma, kisha akafungua zipu na kuchungulia ndani, na nikajua kwamba anatafuta nembo.

"Maashallah, wifi. Huu wa Italia?"

"Hapana, wifi, nimeusuka mwenyewe, kwa koti la mtumba."

"Kumbe," akasema, akaurudisha mapajani mwangu, akamgeukia shangazi.

Basi ni hayo tu, hakuongeza wala hakupunguza. Kumbe ya mshangao hupanda mwishoni, na kumbe ya dharau hushuka na kuburuzwa kidogo; ya Wifi ilipita katikati, ikaniacha sina hata haki ya kukasirika. Usiku ule nilimwigizia Baba Salha sauti zote tatu ili anisaidie kuamua, naye baada ya ile ya tatu akaniambia, "Mama Salha, watu wamelala." Hata hivyo, kinachonichoma zaidi si neno lake bali maneno yangu manne ya mwisho. Nani aliniuliza habari za koti la mtumba? Ningeishia kwenye "nimeusuka mwenyewe," huenda nisingekuwa ninaandika haya.

Na kusema kweli, swali lake la Italia halikuwa mbali na ukweli. Wazo nililitoa kwa Bottega Veneta, nyumba ya mitindo iliyoanzishwa Vicenza mwaka 1966, ambayo mikoba yake hutambulika kwa ngozi iliyosukwa, msuko ambao wao huuita intrecciato. Inasimuliwa kwamba cherehani walizokuwa nazo mafundi wale zilifaa kushonea nguo na hazikuweza kupenya ngozi nene, kwa hiyo wakachukua ngozi nyembamba na kuisuka ili ipate nguvu. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu cherehani yangu ya mguu ilikuwa imekwisha kuvunja sindano tatu, hata ile nene ya namba 18. Ndipo nilipokwenda Karume, nikapata koti la ngozi ya kondoo, laini lakini limechanika makwapani, nikalikata vipande vya upana wa sentimita moja na kuvisuka mshazari kama ukili. Nembo ambayo Wifi aliitafuta, hata mikoba ya Vicenza haiibandiki nje. Tangazo lao la zamani lilisema kwamba herufi za jina lako mwenyewe zinatosha.

Kusuka hakukunipa taabu. Bibi mzaa mama, kule Mafia, alinikalisha barazani na miyaa ya ukindu kabla sijaanza shule, na kila nilipomaliza shubiri moja alipitisha ukucha wa kidole gumba chini ya msuko. Ukucha ukipenya, anafumua yote bila kusema neno. Jumanne, nikiwa ndani ya daladala, nilikumbuka ghafla kwamba kidole cha Wifi kilipita juu ya mkoba wangu namna ile ile, na hakikupenya mahali popote. Sikumbuki kama alikuwa akipima au akipapasa tu, lakini nilishuka kituoni kwangu nikiwa mwepesi kidogo.

Jumatano, siku ambayo ofisi yetu ilihamishiwa ghorofa ya nne na nusu ya mafaili yakapotea njiani, Wifi alimtuma mwanawe alete mkoba wake, ule wenye herufi za dhahabu alioununua safarini na ambao bei yake sote tulitajiwa. Mkanda ulikuwa umechomoka. Ujumbe wake ulisema: "Wifi, nakuomba uniangalizie huu. Utaniambia shilingi ngapi." Sasa hiyo ni heshima, au nimekwisha kufanywa fundi wa ukoo?

Nilifumua bitana pale mkanda unapoanzia. Ile iliyoitwa ngozi ilikuwa plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, na kilichoupa mkoba ule umbo lake kilikuwa kipande cha boksi, upande mmoja bado una nusu ya picha ya biskuti. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Kumbe," na sauti yangu haikupanda wala haikushuka.

Nililiondoa boksi, nikaweka mahali pake masalio ya koti, kisha nikashona mkanda kwa mkono kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, na uzi niliouburuza kwanza kwenye mshumaa. Bitana nimeirudisha, na habari ya biskuti sitamwambia. Kilichobaki ni bei. Nimeandika elfu nane nikafuta, nikaandika elfu tano nikafuta, na sasa naona hata kutomtoza kunaweza kuonekana ni majivuno.

Salha amekohoa mara mbili tangu nilipoanza kuandika, nacho ni kile kikohozi kikavu cha mwezi wa tatu, wakati chupa ya dawa iliisha tangu wiki ya mvua. Ngoja niende nikamtazame.