Kufunga niliweza, kufuturu ndiko kulikonishinda

Mtu aliyezaliwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, hafundishwi kufunga. Ramadhani nimeianza nikiwa na miaka tisa, na nilipostaafu ualimu nikaongeza Jumatatu na Alhamisi za sunna. Kwa hiyo vijana wanaponieleza habari za kufunga saa 16 kwa siku ili kuzuia kisukari, kana kwamba jambo lenyewe limegunduliwa juzi, huwa nanyamaza tu. Jua la Tanga halina visa: toka alfajiri mpaka magharibi ni saa 13 na ushei, mwaka mzima. Ukikosa daku, umeshazipita hizo 16 zao na chenji inabaki. Ingekuwa kufunga peke yake kunazuia sukari, mimi nisingeugua.

Niliugua. Nilikuwa na miaka 61, nakwenda haja ndogo mara nne usiku, nikidhani ni uzee. Kliniki wakanipima sukari ya damu asubuhi kabla sijala: 11.4, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kipimo hicho kikifika 7 tu, daktari anaanza kuzungumza kisukari. Kile kingine kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, HbA1c, kilisoma asilimia 9.1, na mpaka wake ni 6.5. Uzito kilo 83, na mimi si mrefu. Nikatoka na aina mbili za vidonge, metfomini na glibenklamidi, juu ya kile cha presha nilichokuwa nacho, pamoja na karatasi iliyoandikwa "punguza wanga".

Nimefundisha hisabati miaka 34. Punguza kutoka ngapi hadi ngapi? Hakuna aliyenijibu, foleni ilikuwa ndefu.

Basi nikanunua mashine ya kupimia sukari, mizani ndogo ya jikoni, na daftari la kaunta la kurasa nyingi. Vijiti vya kupimia si bei ya kuchezea, kwa hiyo sikupima ovyo. Nilichagua chakula kimoja kwa siku, napima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza.

Jumapili ya kwanza nilipakua wali kama ninavyopakua siku zote, nikaiweka sahani kwenye mizani na kutoa uzito wa sahani. Gramu 380. Wali uliokwisha kuiva, katika kila gramu 100, karibu gramu 28 ni wanga. Zidisha: gramu 106. Wanga huo ukishasagwa tumboni unageuka sukari, na kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu nne. Miaka mingapi nakunywa chai kavu mbele za watu, najisifu, kumbe nakula vijiko 26 kwenye sahani moja ya wali wa nazi! Baada ya saa mbili mashine ikasoma 14.8. Nikaandika, nikapiga mstari chini kwa wino mwekundu kama daftari la mwanafunzi mtoro.

Watu wakaniambia acha sembe, kula dona. Nikala dona. Tonge la uzito ule ule, sembe ilinipa 13.6, dona 12.9. Dona ina nyuzi zake na vitamini zake, siidharau, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Muhogo wa kuchemsha sitaki hata kuuzungumzia. Kilichonitia hasira zaidi ni korosho: nilikuwa nazitafuna mchana kutwa nikiamini ni mafuta matupu, kumbe wanga wake unakaribia mara mbili ya ule wa karanga.

Nikageuza sahani. Mboga zikachukua nusu yake, na kwetu mboga si tabu: matembele, mchicha, bamia, nyanya chungu, bilinganya. Samaki nafuata Deep Sea asubuhi boti zikiingia. Changu siku ya neema, vibua siku nyingi, dagaa siku zilizobaki. Mayai, parachichi la Lushoto, maziwa mgando yasiyotiwa sukari. Ugali ukabaki tonge moja la ukubwa wa yai. Sitadanganya kwamba ni rahisi mfukoni. Wanga ndiyo shibe ya bei nafuu, ndiyo maana tunaula. Vibua na dagaa ndio walioniokoa, si kuku.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mkwe wangu. Tunakaa nyumba moja, na yeye ndiye mpishi. Siku ya tatu narudisha ugali, akanifuata chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kanga yake mkononi. "Mama, nimekukosea nini?" Nikaona hapa maneno hayafai. Nikampa kidole, nikamwambia anidunge yeye mwenyewe kabla ya kula, tukale ugali wote pamoja, kisha anidunge tena. Alipoona namba imepanda kutoka 7.9 hadi 13.8 akashika mdomo. Tangu siku hiyo yeye ni mkali kuliko mimi. Mgeni akisema "muongezee mwalimu", ndiye anayejibu.

Sasa nieleze kosa, maana nimeona wazee wenzangu wawili wanaelekea huko huko.

Namba zilipoanza kushuka nikaona nimepata ufunguo. Nikarudia Jumatatu na Alhamisi zangu, daku nikala yai na parachichi, nikameza vidonge vyote kama nilivyoandikiwa. Sikumuuliza mtu. Nilijiambia kufunga nimeanza kabla daktari hajazaliwa.

Alhamisi moja, kama saa tisa alasiri, nipo soko la Mgandini. Nimenunua nyanya chungu za 2,500, nimetoa noti ya 10,000, kijana ananirudishia chenji. Nikazitazama zile noti mkononi nisijue kama zimetimia. Kumi toa mbili na nusu! Nilikuwa nasimama pale kama mtoto wa darasa la kwanza, jasho baridi linanichuruzika mgongoni, mikono inatetemeka hata kikapu kikadondoka. Kijana akasema, "Mwalimu, mbona hivyo? Kaa kwanza." Akanikalisha juu ya kreti. Mashine ilikuwa kwenye mkoba, nikapima kwa tabu: 2.9. Chini ya 3.9 sukari imeshuka mno, na chini ya 3 ni hatari ya kupoteza fahamu. Nikafungulia soda. Mimi niliyeipiga soda marufuku nyumbani kwangu, nikainywa nusu chupa kwa mikupuo mitatu. Baada ya robo saa dunia ikarudi, nikahesabu chenji yangu: sahihi.

Daktari aliponisikia alivua miwani. Akanieleza taratibu, na ndipo nilipoelewa. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hujala. Metfomini haisukumi hivyo. Yenyewe kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari. Mimi nilikuwa nimeondoa ugali, kisha nikaondoa na chakula cha mchana, lakini kidonge kinachosukuma nimekiacha palepale. Akakifuta. Akapunguza na cha presha, kwa sababu nilikuwa nikiinuka naona kizunguzungu: wanga ukipungua insulini hushuka, figo nazo zinaachia chumvi na maji, na presha inateremka. Akasema ningefika kwake kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka. Nilitamani kubisha, nikakumbuka ile noti ya elfu kumi. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, dini yenyewe imempa. Wa kunikataza nilikuwa ni mimi.

Kuna jambo jingine lililonisumbua mwezi mzima. Nalala na 5.8, naamka na 7.4, na usiku sikugusa kitu. Nikamshuku hata mjukuu wangu kwamba kanitilia sukari kwenye maji ya kunywa. Kumbe ini lina ghala lake, na kuelekea alfajiri homoni zinazotuamsha huliambia lifungue mlango. Mtu ambaye kongosho lake ni zima hazioni hizo namba, sisi tunaziona. Nilipoanza kula cha jioni mapema na kutembea mpaka Raskazone na kurudi, ikateremka kidogo. Haikuisha.

Halafu ikaja Ramadhani, safari hii kwa idhini ya daktari, na kwa sharti: nikiwa chini ya 3.9, au nikipanda kupita 16, nafungua hapo hapo. Mchana wala haukunitisha. Kilichonitisha ni sinia. Mnajua futari ya kwetu: viazi vitamu vya nazi, magimbi, tambi, mkate wa kumimina, kaimati zinazong'aa shira, uji wa pilipili manga wenye sukari ya kutosha, na tende za kuanzia zisizo na hesabu. Nilikaa nikapima futari ya siku moja kama nilivyokuwa nikila zamani. Gramu 230 za wanga kati ya magharibi na isha! Zaidi ya vijiko 55 vya sukari. Ndiyo maana kila Ramadhani nilikuwa naongezeka kilo mbili na kusema ni baraka ya mwezi.

Nilichofanya ni kuitumia swala. Tende moja ndogo na maji, nakwenda kuswali bila haraka, na ukirudi ile njaa ya kufagia sinia imeshatulia. Kisha supu ya samaki na mboga, nashiba. Mwisho kabisa nachagua kitu kimoja cha futari, kimoja tu, kwenye kisahani cha kikombe. Usiku wa kwanza nilitoka machozi kwa ajili ya magimbi, siwafichi.

Wakati huo kila mtu alikuwa na lake la kusema. Profesa Mohamed Janabi, yule daktari wa moyo, ameufanya mjadala wa kula kidogo uingie hadi kwenye daladala, na utani juu, na mimi namshukuru kwa hilo maana zamani kukataa chakula ilikuwa dharau. Mwanangu naye akaniletea habari za utafiti wa Uingereza wa Roy Taylor na wenzake, uliotolewa mwaka 2017: wagonjwa wa kisukari cha ukubwani wasiozidi miaka sita tangu wagundulike walipunguza uzito kwa chakula cha kalori kama 850 kwa siku kwa miezi michache, na baada ya mwaka asilimia 46 sukari ilikuwa chini ya mpaka bila dawa. Wale hawakufunga saumu wala kula nyama tupu, walipungua kilo. Hilo lilinitoa kwenye ushabiki. Sahani yangu na mfungo wangu ni njia tu za kupungua bila kushinda na njaa, na kwangu zimefaa.

Nilipungua kweli. Miezi minane, kutoka 83 hadi 71. Watu wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Nami nilikuwa naona fahari, mpaka siku moja nimemaliza kuswali, nataka kuinuka kwenye mkeka, goti likakataa. Nikashika kiti. Kesho yake nikashika kiti tena.

Nilichopoteza hakikuwa mafuta peke yake. Wakati huo nilikuwa nala mara moja tu kwa siku, nimeiga kwa watu wa miaka 35. Mzee misuli inamtoka hata akiwa amekaa, na akifunga bila hesabu inamtoka mbio. Tunaambiwa tunahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, ilimradi figo ni nzima, na zangu zilipimwa. Kwa kilo 71 ni gramu 71 hadi 85. Nikafungua daftari: mlo wangu mmoja ulikuwa unanipa 40. Hapo mlo mmoja nikauaga.

Sasa nakula mara mbili, saa tano asubuhi na saa kumi na mbili na nusu jioni. Mayai matatu ni gramu 18, samaki wa gramu 200 ni kama 40, mgando na dagaa wanamalizia. Katikati nanywa maji na chai ya mchaichai, na hiyo naita mfungo wa afya. Sitii nia ya saumu, ni vitu viwili. Kila asubuhi nakaa na kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika, napumzika, narudia. Ndoo ya maji nabeba mwenyewe, mkwe akilalamika simsikilizi. Baada ya kama miezi mitatu goti likarudi kazini.

HbA1c ya mwisho ni 6.2. Metfomini bado nameza, na sioni aibu. Lehemu ile mbaya, yaani kolesteroli, imepanda, daktari anashuku tui, nasi tumebishana hadi tukafika kwenye tui la pili badala ya la kwanza. Bamia kwa tui la pili si kitu, lakini naila.

Juzi mkwe alikaanga kaimati za mtoto wa jirani aliyehitimu Kurani. Akaniletea moja kwenye kisahani, na mashine pembeni. Nilikula polepole, nikatembea barabara nne za Ngamiani, nikarudi. 8.1. Imo daftarini, kwa wino wa bluu.